Redio imekuwa rahisi, hewa ndio imechafuka: yaliyonipata niliporudi kwa ham hapa Nairobi

Wacha nianze na hesabu ya hii ham, redio ya ridhaa ya kuongea na watu wa mbali kwa kupenda tu, ndio mjue naongea kama mtu aliyeumwa. Redio ya mkono wa pili 45,000. Kuitengeneza baada ya kuichoma mwenyewe 11,000. Kadude ka kupima antena 8,500. Betri, waya, plagi, nauli za kwenda maduka ya vifaa Luthuli ambazo sikuandika popote, weka kama 20,000 hivi. Na miezi minne ya kwanza nilikuwa nimeongea na watu wangapi? Wawili. Mmoja Mtaliano aliyenisikia nusunusu akanipa ripoti ya huruma ya vile nasikika, na wa pili mpaka leo sina uhakika kama alikuwa ananijibu mimi.

Kwa hivyo kama uko Nairobi na umeanza kutamani hii mambo ya redio ya ridhaa, kaa hapa kidogo. Mambo yamebadilika sana tangu nilipoyaona mara ya kwanza, na mimi niliingia nikidhani yako vile vile.

Mara ya kwanza ilikuwa 1994, Kahawa West, niko darasa la saba. Jirani yetu alikuwa mzee mstaafu wa posta, aliyeanza kazi wakati posta bado ni ya Afrika Mashariki nzima, kabla jumuiya haijavunjika 1977, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kupiga telegramu. Sisi watoto tulimwita Mzee wa Waya kwa sababu kutoka dirisha lake mpaka kwa mti wa mukima kona ya ploti kulikuwa na waya mrefu, na wengine mtaani walisema kabisa anaongea na majini. Siku moja mpira wetu uliingia kwake, nikatumwa mimi, nikamkuta ameketi mbele ya redio ya Yaesu FT-101 akiwa na kikombe cha chai ya rangi, na hakugeuka.

"Funga mlango kijana, unaingiza kelele."

Hiyo redio ilikuwa ya valvu, zile taa za kioo za zamani, kwa upande wa kurusha. Ukiiwasha hauanzi kuongea kama unavyowasha simu, unangoja valvu zipate moto, na chumba kinaanza kunuka lile vumbi la moto kama pasi mtu ameisahau kwa stima. Alafu kulikuwa na nobu mbili za kuzungusha, pleti na lodi, anazungusha moja polepole huku jicho liko kwa mshale, mshale unashuka, anasimama pale chini kabisa, anazungusha ya pili, anarudi kwa ya kwanza. Ukichelewa sekunde kadhaa valvu zinaumia. Aliniruhusu nishike hizo nobu baada ya karibu mwaka mzima wa kumbebea ngazi na kushika waya.

Na alikuwa na kartoni ya viatu ya Bata imejaa kadi. Kila mtu aliyeongea naye alimtumia kadi ya posta ya kuthibitisha, tunaita QSL, ina jina la stesheni, tarehe, frikwensi, na vile alisikika. Japani, Urusi ya zamani, Brazil, visiwa ambavyo sikuwa nimeviona hata kwa atlasi ya shule. Chini kabisa kulikuwa na chache alizopewa na wazungu waliokuwa wanahama, zimeandikwa VQ4, hiyo ndiyo ilikuwa namba ya kuitambulisha Kenya hewani enzi za mkoloni, sasa sisi ni 5Z4. Kadi ilichukua miezi sita, wakati mwingine mwaka, na ilikuja na stempu. Mzee alikuwa anaongea na mtu Januari alafu anasahau, kadi inafika Novemba, anakumbuka sauti yake, anatabasamu siku nzima.

Mimi nilikwama kwa Morse, ile ya kuandika herufi kwa milio mifupi na mirefu. Siku hizo sheria ya kimataifa ilisema ukitaka kurusha kwa bendi za chini, zile zinazovuka bahari, lazima ujue Morse kwa mkono na kwa sikio. Mzee alinipigia kila jioni kwa mbao ya meza na kijiko. Nilifika maneno matano kwa dakika nikagoma hapo, alafu nikaenda sekondari ya bweni na hiyo ikawa mwisho. Mwaka 2003 mkutano wa dunia wa mawasiliano ulikaa Geneva ukasema hayo masharti ya Morse kila nchi ijiamulie. Mimi wala sikusikia. Nilikuwa nahangaika na kazi.

Mzee alikufa 2011. Miaka kumi baadaye, 2021, mama wa pale akanipigia: njoo uchukue vitu vya Mzee, nyumba inauzwa. Nilichelewa wiki moja. FT-101 ilikuwa imeshachukuliwa na jamaa wa skrap, akaipima kwa kilo pamoja na jiko na mabati. Nilipata kartoni ya Bata na kile kifaa cha shaba cha kupigia Morse. Nilipanda matatu nikiwa nimeipakata hiyo kartoni kama mtoto, nikafika nyumbani nikaanza kutafuta redio usiku huo huo. Hasira na majuto ni washauri wabaya wa kununua vitu, hiyo niliijua baadaye.

Kitu cha kwanza nilikosea ni kununua kabla ya leseni. Niliona redio ndogo za mkononi za Kichina, zile za aina ya Baofeng UV-5R, bei ya viatu vya shule, nikaagiza moja kutoka nje. Mzigo ukafika, nikaitwa, nikaulizwa leseni iko wapi. Leseni? Nikasema ni redio tu. Jamaa akaniangalia kama mtu amesema bunduki ni chuma tu. Hakuwa na makosa, mimi ndio sikusoma sheria, Kenya redio za kurusha kama hizo zinataka kibali na kwa sisi wa ridhaa kibali kinatoka Mamlaka ya Mawasiliano. Gharama ya kuhifadhi mzigo ilikuwa inapanda kila siku, nikahesabu nikaona bora niiache huko. Ikaenda 3,800.

Sasa, kuhusu hizo redio ndogo. Zinauzwa waziwazi na watu wananunua za harusi, za mjengo, za ulinzi kanisani, hata hawajui zinaweza kufunguka mpaka kwa frikwensi za watu wa usalama. Ukibonyeza hapo bila kujua unatafuta shida ya kweli. Kusikiliza bendi za ham ni kitu kingine, na ningeanza hapo: dongle ya SDR, kadude ka kuchomeka kwa kompyuta kanakoifanya iwe redio, kama elfu nne, haina uwezo wa kurusha kabisa, unasikiliza miezi mitatu huku unasoma kwa mtihani. Ukijua unapenda nini ndio unatoa pesa. Mimi nilifanya kinyume.

Leseni nilipata. Nikanunua redio ya wati 100 kwa mmishonari aliyekuwa anarudi kwao, ilikuwa safi, ina boksi lake na hata vitabu. Nikampigia landilodi, naishi gorofa ya nne Donholm, nikamwambia nataka kuweka antena ya redio juu. Akasema sawa, bora usitoboe slabu maji yaingie. Nikafunga waya kati ya nguzo mbili za tangi, nikateremsha kebo dirishani, mama watoto amesimama mlangoni amefunga mikono, nikawasha.

SHHHHHHH. Ukuta. Mshale wa nguvu ya mawimbi umesimama kwa S9, juu sana, na haushuki, na hapo hakuna mtu anaongea. Ni kelele tupu. Nikazungusha bendi yote ya mita 40, ile ya megahatsi 7, nikapata sauti tatu zimezama ndani kama watu wanaongea nyuma ya posho mill. Nikakumbuka Mzee, 1994, ile redio ikiwa haina stesheni ilikuwa inapumua tu, fsss ndogo, na sauti ya mtu ikija ilikuja peke yake.

"Ndio hii ya elfu arobaini na tano?" mama watoto akauliza.

Nilidhani redio ni mbovu. Kisha nikadhani ni antena. Nikaanza kukatakata waya bila kupima. Waya wa dipoli, antena ya waya mbili zinazolingana kila upande, ni hesabu rahisi, chukua 143 gawanya kwa frikwensi ya megahatsi unapata urefu wote kwa mita, kwa hivyo 7.1 inakupa kama mita 20, kumi kila upande, na 14.1 inakupa kumi na kidogo, tano kila upande. Lakini hiyo ni ya mahali wazi. Juu ya slabu yenye nondo, karibu na tangi na mabati, inabadilika. Anza ukiwa umeacha mrefu kuliko hesabu, kata sentimita tano, pima, kata tena. Mimi nilikata nusu mita kwa mara moja nikawa na waya mfupi, na waya mfupi haurefuki.

Alafu nikaichoma. Hii bado inauma. Plagi ya kebo nililehemu mwenyewe usiku nikiwa na haraka, waya wa nje haukushika vizuri, inagusa inaachia. Nikabonyeza kurusha nikiwa kwa wati 100 zote, nguvu haikupata pa kwenda ikarudi ndani. Redio za sasa zina ulinzi wa kupunguza nguvu zikiona hivyo, hii yangu ni ya zamani kidogo na ulinzi ulichelewa. Harufu niliijua mara moja, sio ile ya vumbi la valvu. Ni transista. Valvu za Mzee zilikuwa zinavumilia ujinga kiasi, transista haikuonyi. Fundi mmoja wa mjini akanitengenezea na 11,000, na akaniambia kitu cha maana kuliko pesa yenyewe: kabla hujawasha redio pima kebo, kabla hujaongeza nguvu anza na wati tano. NanoVNA, kale kadude ka kupima nilikotaja, nilikanunua baada ya hapo. Kangekuja kwanza.

Sasa hiyo kelele. Nilichukua karibu miezi miwili kuielewa na ndio sehemu ningetaka mtu wa estate aisome mara mbili. Wakati wa Mzee nyumba ilikuwa na balbu za kawaida, za waya unaowaka, redio kaseti na pengine friji moja. Leo hesabu nyumba yako: chaja za simu tano, chaja ya laptopu, dikoda, raota, taa za LED kila chumba, inveta ya sola kwa paa. Kila moja ina kasaketi ka kukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde ili kuubadilisha, na vile vya bei rahisi havina chujio, kwa hivyo vinamwaga taka kwa mawimbi kupitia waya za stima ambazo zimekuwa antena. Zidisha mara nyumba thelathini za gorofa moja, mara gorofa za mtaa mzima. Redio haijaharibika, hewa ndio imechafuka.

Njia ya kuwinda ni hii. Chukua redio ndogo ya betri yenye AM, weka mahali pasipo na stesheni, zima meni swichi ya nyumba yako. Kelele ikishuka, mchawi yuko kwako. Washa breka moja moja. Kwangu nilipata chaja ya laptopu, taa mbili za jikoni na pawa ya dikoda. Nikabadilisha chaja, taa nikanunua za kampuni inayoeleweka, na kwa zingine nikafunga ferrite, vile vidude vyeusi vizito vinavyokuwa kwa kebo za kompyuta za zamani, kwa mafundi wanaouza mabaki unapewa fungu la mia mbili. Unazungusha waya mara tano au sita ndani yake, mara moja haisaidii sana. Kulikuwa na mlio mwingine wa tak, tak, tak, kila sekunde, nikausaka wiki mbili kumbe ni ua wa stima wa ploti ya nyuma, mahali majani yamegusa waya. Nikaenda kwa mwenyewe na heshima zangu zote nikamwambia mzee ua wako unapoteza nguvu pale kona, akamtuma kijana na panga, mlio ukaisha. Sikumwambia habari ya redio hata kidogo. Ukimwendea mtu na habari ya redio ataanza kukushuku, ukimwendea na habari ya ua wake wewe ni jirani mwema.

Na mimi pia nilikuwa kelele ya mtu. Mama wa nyumba ya chini alikuja kubisha, kila nikibonyeza spika za TV yake zinakoroma. Nikaenda na ferrite zangu, nikafunga kwa waya za spika, nikapunguza nguvu, tukaelewana. Usikatae. Nenda uangalie.

Baada ya hayo yote kelele ikashuka mpaka S7. Bado.

Alafu ikafika Agosti 25, 2023, Ijumaa usiku, stima zikapotea nchi nzima. Mnakumbuka. Sisi tulikuwa tumeketi sitting room, giza likaanguka, watoto wakapiga kelele ile ya kawaida, na mimi nikabaki nimenyamaza kwa sababu redio ilikuwa imewashwa, iko kwa betri ya gari niliyokuwa naijaribu, na SHHHH ilikuwa imekatika kama mtu amefunga mfereji. Mshale chini, karibu sufuri. Ile fsss. Fsss ya Kahawa West. Na ndani yake watu, wengi, Wataliano wanagombana, mtu wa Ugiriki, Mjerumani anasoma hali ya hewa ya kwake polepole kama mwalimu wa imla. Nilishusha nguvu mpaka wati 20 ili betri isiishe, nikaita. Nikajibiwa hapo hapo. Nikaita tena nikajibiwa tena. Niliandika majina kwa tochi ya simu iliyoshikwa na kijana wangu mpaka jenereta ya supamaketi ya jirani ilipoamka na kelele yake. Nilikuwa na stesheni kumi na moja. Najua watu wengine walikuwa wamekwama kwa lifti usiku huo na wengine kwa giza hospitalini, kwa hivyo sisemi kwa sauti kubwa, lakini ilikuwa usiku mzuri kuliko yote.

Hapo ndio nilielewa pesa yangu ilipaswa kwenda wapi. Si kwa wati, na si kwa redio mpya. Ilipaswa kwenda kwa kutafuta mahali kimya. Dipoli ya waya wa kawaida wa stima, kebo nzuri, betri, na nauli ya kutoka mtaani. Redio ndogo ya wati 20 kutoka mahali kimya itashinda wati 100 zangu za Donholm kila siku, na wale unaowaita wanakusikia, shida ni wewe huwasikii.

Sasa naenda msituni au kule milima ya Ngong na begi. Chupa ya maji nusu nimeifunga kwa kamba, naitupa juu ya tawi, navuta waya. Mara ya kwanza askari alinijia mbio.

"Mkubwa, hiyo ni nini unaweka?"

Nikatoa leseni. Akaisoma mbele na nyuma. Akauliza naongea na nani. Nikampa spika ya sikio, alikuwa ni mtu wa Afrika Kusini, akasikiliza, akarudisha, akasema haya lakini usipande mti. Tembea na nakala ya leseni siku zote, na ongea na walinzi kabla hujatupa kamba, usingoje wakukute. Ngong usiende peke yako, na upepo wa pale juu utakufanya uongee kama mtu yuko kwa pikipiki.

Ukiwa nje hivyo na namba ya 5Z4, jiandae kwa jambo lingine. Wakenya kwa hewa ni wachache, kwa hivyo sisi ni windo. Nilipoita CQ, yaani wito wa yeyote anayenisikia, vizuri mara ya kwanza nikajibiwa na watu labda hamsini kwa sauti moja, kama kushuka stendi ya Muthurwa na mzigo wakati wabeba mizigo wamekuona. Niliogopa nikazima redio. Kweli kabisa, nilizima nikakunywa chai. Dawa yake ni kusema unasikiliza juu kidogo, kilohatsi tano mpaka kumi juu ya ile unayorusha, wanatawanyika, unachagua mmoja, hata ukipata herufi mbili za namba yake mwite kwa hizo mbili, wengine wakiingilia usiwape, watajifunza.

Wengi lakini siku hizi hata hawaongei. Mwaka 2017 Joe Taylor, yule mwanafizikia wa Marekani aliyepata Nobel 1993, na mwenzake Steve Franke, walitoa FT8. Kompyuta yako inarusha mlio mdogo kwa sekunde kama 13, inanyamaza, ya mwenzako inarusha, zamu za sekunde 15, na ndani ya dakika moja na nusu mmepeana namba, mahali na ripoti. Nairobi ni KI88, namba ya mraba wetu kwa ramani ya ham, hiyo ndiyo kila mtu anataka kuona kwa skrini yake. Inasoma mlio ambao sikio lako haliwezi kusikia kabisa ndani ya kelele, na hiyo ndiyo sababu ilienea kama moto, watu wa mijini wote wana ukuta wa kelele kama wangu, na miaka ile jua lilikuwa limelala, na jua likilala bendi nyingi za kwenda mbali zinakufa. Mimi niliidharau. Nikasema hiyo ni kompyuta zinaongea, binadamu ako wapi. Alafu nikaijaribu siku mbili hakuna aliyenijibu, nikasema ona, ni upuzi. Kumbe saa ya kompyuta yangu ilikuwa nyuma sekunde nne. Ikishapita kama mbili wenzako hawakusomi. Linganisha saa na intaneti kabla ya kila kitu. Nilipoilinganisha nikapata nchi 40 kwa wiki tatu nikiwa Donholm, kwa kelele yangu yote. Kwa hivyo nimenyamaza. Lakini nikiwa msituni naongea kwa mdomo, hapo hamnishawishi.

Tukiwa kwa saa. Hii ni ya sisi Waswahili tu. Kumbukumbu za redio dunia nzima zinaandikwa kwa saa ya UTC, ile ya pamoja ya dunia nzima. Sisi tuko masaa matatu mbele, alafu kichwa chetu kinahesabu kivyake. Saa tatu usiku ni 21:00 ya hapa ni 18:00 ya UTC. Nilijaza ukurasa mzima siku nyingine nimeandika 3, siku nyingine 21, siku nyingine 18, nikapakia kwa mfumo wa kuthibitisha wa mtandaoni, na karibu hakuna aliyelingana na mimi. Jamaa mmoja wa Uhispania akaniandikia kwa upole sana kwamba saa hiyo alikuwa kazini. Nunua saa ya ukuta ya mia nne, iweke kwa UTC, ibandike juu ya redio, usiiguse.

Hizo kadi zenyewe zimebaki kidogo. Uthibitisho unakuja kwa kompyuta kabla chai haijapoa. Mimi nimechapisha zangu 200 kwa duka la River Road, na kwa stempu za sasa natuma chache tu, kwa wazee wanaoomba.

Na kuna kitu ambacho Mzee angekikataa kabisa ningemwambia: setelaiti ya QO-100, ya ham kuongea kupitia angani, ilirushwa Novemba 2018, imesimama angani juu ya Afrika karibu digrii 26 mashariki, usiku na mchana haihami. Kwetu Nairobi iko karibu utosini, imeinama kidogo upande wa magharibi, kwa hivyo dishi la duara halitazami pembeni kama la TV, linalala kama sufuria. Likilala kama sufuria linateka maji kama sufuria, wakati wa masika nilikuwa napanda juu na kitambaa mpaka nikatoboa katundu chini. Kusikiliza ni LNB ya kawaida, kile kichwa cha dishi la TV, na ile dongle ya SDR. Kurusha bado sijaweza, vifaa vya gigahatsi 2.4 vimenishinda bei, na nimeahidi nyumbani kwamba mwaka huu hakuna kitu kipya.

Kile cha shaba cha Mzee kiko mezani. Niko maneno nane kwa dakika. Hakuna mtihani unanilazimisha sasa, na labda ndio maana kinaingia.

Wiki iliyopita landilodi ameweka taa mpya za ngazi, LED, sita, zinawaka zenyewe giza likiingia. Saa moja na nusu jioni mshale ukapanda tena mpaka S9. Nimezunguka na karedio ka AM sikioni, keateka ananifuata nyuma anauliza natafuta nini, tukapanda tukashuka, na ni moja tu, ya gorofa ya pili, inaunguruma hata kwa mkono unaisikia. Hizo zingine tano ni safi. Nimemwambia nitaleta nyingine mimi mwenyewe, 350, atanishikia ngazi Jumamosi.